Kanga Waliotupwa Kamanga

Mume wangu alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, hakulalamika. Alikaa tu nyumbani kwetu Mabatini, kimya. Ilikuwa miaka ile viwanda vinauzwa kwa watu binafsi na mitumba imejaa kila kibaraza. Fundi mitambo kama yeye hakuwa na pa kwenda. Asubuhi alivaa ovaroli, akanywa chai, akaketi.

Siku moja alivuka ziwa kwenda Kamanga kumsalimia shangazi yake. Alirudi na tenga. Ndani mlikuwa na kanga wa porini waliofungwa miguu kwa katani, midomo wazi, shingo zimelegea. Mchuuzi aliyekuwa akiwapeleka mjini kuwauzia wenye hoteli aliona wanakufa kwa kiu kivukoni, akaanza kuwatupa kwenye matete.

"Nikamwambia, ndugu yangu, nipe mimi," alisema mume wangu.

"Tuwachinje upesi basi, kabla hawajafa."

"Hapana. Lete maji."

Tangu aachishwe kazi sikuwa nimemwona na haraka ya jambo lolote. Aliwanywesha kwa kijiko, mmoja mmoja, akawakanda miguu. Wengine walikufa mikononi mwake. Waliobaki aliwajengea banda la mbao na wavu, akaanza kuongea tena mezani. Wakitaga, mayai tutayaatamisha kwa kuku. Vifaranga vitajaa ua.

Lakini jike yupi, dume yupi? Jogoo wa kuku unamjua kwa upanga wake na mkia. Kanga wote wana madoadoa yale yale na pembe ile ile kichwani. Shangazi alipokuja kututembelea, tulimwamkia shikamoo, na kabla hajamaliza kuitikia mume wangu alikwishamvuta bandani.

"Msiwatazame, wasikilizeni," shangazi alisema. "Jike huita kwa sauti mbili: ku-kwee, ku-kwee. Dume hana hiyo. Yeye ni che-che-che tu. Ila jike akishtuka, naye hupiga che-che-che. Kwa hiyo ukisikia hiyo hujajua kitu. Subiri."

Tulisubiri. Asubuhi moja nikiwa nafagia ua nilisikia: ku-kwee. Mume wangu alitoka mbio, povu la sabuni usoni. Alicheka hadi jirani akachungulia.

Aliyeita alikuwa kanga mmoja aliyechubuliwa mguu na kamba. Kidonda kilionekana kupona juu, kumbe ndani kinaoza. Tulimpaka dawa, tukamtenga, tukamlisha mchwa. Hakutaga hata yai moja. Tulimkuta amelala ubavu, mguu umenyooka.

Baada ya hapo mume wangu alihamishia kigoda chake kando ya banda. Alisikiliza kuanzia chai hadi jua la utosini. Che-che-che. Majirani walilalamika kelele. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona: vishavu vinavyoning'inia chini ya midomo vilikuwa vikubwa, vimekunjamana kwa wote waliobaki, na yule jike vyake vilikuwa vidogo, bapa. Nilinyamaza msimu mzima wa mvua. Mwishowe nikamwambia, "Baba, hawa ni madume matupu."

Hakugeuka. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokufa yule."

"Sasa unasikiliza nini?"

"Nikiacha kusikiliza," alisema, "kesho nitaamka nifanye nini?"

Mimi nilianza kukaanga vitumbua na kuviuza stendi ya Nyegezi, na siku ambazo havikununuliwa watoto walilala na uji. Basi nikaanza kuwachinja kanga. Sikumwomba ruhusa, naye hakunizuia. Nyama yao ni ngumu, huchemka mpaka mkaa unakwisha. Watoto walikula wakafurahi. Yeye alikula ugali kwa chumvi, akisema ameshiba, na baada ya chakula akatoka na punje za mtama kuwalisha waliobaki.