Sahani Niliyomlazimisha Koleta

Nakumbuka adhuhuri ile Koleta, mdogo wangu wa mwisho, aliposhuka kwenye basi pale Nyakahura. Alikuwa amekonda hata nikampita bila kumtambua.

"Shikamoo kaka! Mbona unanipita kama mdeni wangu?"

"Marahaba. Nani amekula nusu yako?"

Akacheka. Mwanangu, wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikalima muhogo ili yeye na wadogo zangu wengine wasome. Kwetu Runazi ndugu akitoka mbali hupikiwa, na akikataa chakula, amekudharau. Basi nikamsongea ugali wa muhogo kwa mikono yangu, na maharage. Alimega tonge moja, akasogeza sahani.

"Kaka, hiki kimenitosha."

"Mjini wamekufundisha kudharau chakula kilichokukuza?"

Akanitazama, kisha akala polepole, jasho likimtoka, mpaka nikaridhika.

Kesho yake tumbo lilimuuma hadi begani, homa ikapanda, moyo ukamwenda mbio. Nikasema ni malaria, nikamnunulia dawa dukani. Siku nzima ikapita. Jioni ndipo aliponiambia kuwa wiki mbili nyuma, baada ya miezi ya kujinyima kula kwa agizo la daktari, alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, kwa sababu ya kisukari na magoti, na daktari alikuwa amemruhusu vitu vya majimaji tu. Alinificha akiogopa ningesema amejikata kwa ajili ya urembo. Na kweli, ningesema.

Usiku ule ule nikamkimbiza hospitali, wakamfungua tumbo. Mshono ulikuwa umevuja, uchafu umesambaa tumboni. Daktari aliniambia mshono unaweza kuvuja hata bila ugali, lakini muda tulioupoteza haukuweza kurudi. Koleta alifariki siku ya tatu. Wadogo zangu wengine wako mbali na familia zao. Siku hizi nasonga ugali wa mtu mmoja, na bado sijajua kuupima.

Mwanangu, wewe unayeufikiria upasuaji huo, sikukatazi, umewasaidia wengi. Ila kabla hujakubali, muulize daktari kuhusu mshono kuvuja, damu kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni, na vitamini utakazomeza maisha yako yote. Halafu mwambie mtu wa nyumbani, hata kama atakugombeza. Ukipata homa, maumivu ya tumbo au pumzi ikikubana, rudi hospitali saa hiyo hiyo. Nawe uliye mkubwa wa nyumba, mdogo wako akisema ameshiba, mwamini.

Mungu akutunze, akupe afya unayoitafuta, na akuzungushie watu usioogopa kuwaambia ukweli.