Vidonge Nilivyovificha Kwenye Mkebe wa Chai

Tabora, Agosti 1976

Kwa Mama Mhariri wa ukurasa huu,

Shikamoo. Jina langu naomba libaki kwako. Nina miaka thelathini na mbili, elimu yangu darasa la nne. Mume wetu amefariki, nami nimo edani pamoja na bi mkubwa.

Zamani mwenzangu alikaa Usinge, mimi huku karibu na mjini. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa tukapewa viwanja vinavyotazamana. Mume alilala siku mbili kwake, mbili kwangu. Mume akiwa kule nilisikia anavyocheka, nikatia chumvi mara mbili kwenye mboga bila kujua.

Kisha akaugua figo. Mifupa ikamuuma, ngozi ikamwasha. Bi mkubwa ndiye aliyempeleka hospitali, kwa hiyo ndiye aliyeelezwa: figo zikichoka, vitezi vinne vidogo vya shingoni hufanya kazi kupita kiasi na kuila mifupa. Daktari akatoa vidonge vyeupe vya kutafuna katikati ya kila mlo, ili vitezi vitulie. Akakataza maziwa, maharage na dagaa.

Kila zamu yangu ilipofika, bi mkubwa alivifunga vidonge kwenye kipande cha kanga kuukuu, akaja mlangoni.

"Mdogo wangu, atafune akiwa anakula. Na maziwa usimpe, hata akikubembeleza."

"Umekuja kunifundisha kupika?"

"La, mama. Nataka mume wangu apone."

Wangu! Alisema hivyo mbele yangu, kana kwamba mimi ni mpangaji.

Vidonge nikavitia kwenye mkebe wa chai. Nikampa maziwa mgando na dagaa. Naye hakuviulizia, maana alisema vinamkausha mdomo kama chokaa. Alilamba vidole akacheka: "Kule napewa dawa, huku napewa chakula." Nikatoka uani nikaimba kwa sauti, mwenzangu asikie.

Masika iliyopita alivunjika paja akiinuka tu mkekani. Hakuinuka tena mpaka akafa. Siku ya mwisho mkono wake ulikuwa mkononi mwangu, lakini jina aliloita ni la bi mkubwa. Hilo bado linaniuma.

Sasa tunakaa eda kwake, tunalala chumba kimoja. Ananichagulia viazi vilivyo laini. Juzi alisema, "Tulimtunza, mdogo wangu. Hata dawa hakukosa." Akalia. Nikamwonea wivu hata kwa machozi yale, kwa sababu yeye analia moyo wake ukiwa mweupe.

Eda inakwisha Ijumaa. Kisha anataka tuishi nyumba moja, kwangu, tulime shamba moja. Mkebe uko kule kwangu, chini ya kitanda changu, umejaa. Sijui kama vidonge vingemponya. Daktari hakuniambia mimi, wala sikuuliza.

Nimwonyeshe mkebe kabla hajabeba vyombo vyake kuja kwangu? Au nikae naye, nile viazi vyake, ninyamaze? Ndugu wasomaji, nishaurini.

Na mkimwombea marehemu, nami mnikumbuke.