Ulimi wa Kuazima

"Nilionja mara moja tu, Mwalimu Roda, tena mdomo ulikuwa wazi, mchuzi ukajipitia wenyewe."

"Mara moja. Miezi mitatu, Bibi Tusekile, umekaa pale mlangoni na gunia lako la mkaa unamwonjea Mwavita. Darasa zima linajua. Nilikuwa sijui mimi peke yangu ninayefundisha."

Tulikuwa jikoni, kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa hapa Tunduma, mahali wakimbizi tisa wanapofundishwa upishi. Mimi si mkimbizi wala si mwanafunzi. Nawaletea mkaa, na kwa kuwa mkaa hauna haraka, nami nakaa. Mwavita, huyo tuliyekuwa tunamgombania, alikuwa hapo hapo anakata vitunguu vya kachumbari, sufuria yake ya wali ikiwa motoni. Vitunguu vile vingemliza hata askari wa mpakani. Yeye macho makavu.

"Nilipokuwa msichana kule Kamsamba," nikamwambia Roda, "asubuhi nilikuwa natoa ulimi nje, upepo ukinigusa nawaambia watu nyumba ipi imepika kambale na ipi imekosea chumvi. Walikuja kunikodi kwa ajili ya harusi, wengine wametembea siku tatu. Sasa ulimi wa namna hiyo ukae bure?"

"Bibi, msimamizi wa mtihani ameshatoka Vwawa. Sina nafasi ya kambale."

Mambo yaliharibika jana. Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi. Mwavita akipita kuchukua mkaa, ananidondoshea tone la mchuzi mkononi, nalamba. Nikikuna pua, chumvi bado. Nikijifunga kitenge upya, imetosha. Jana yalikuwa maharage, na chumvi ilikuwa imetosha kabisa. Nikashika kitenge nijifunge, nzi akanitua puani. Nikakuna. Mwavita akaongeza. Nikamtolea macho, nzi akarudi, nikakuna tena, naye akaongeza tena. Wale wanane wengine walipoonja walikimbilia nje kutema. Roda alikunywa maji vikombe viwili. Mwavita alikula sahani yake yote, akapangusa mchuzi kwa ugali, akaenda kuiosha. Hapo ndipo mwalimu alipojua.

"Tangu lini?" Roda sasa alimgeukia yeye.

"Tangu tulipotoka kwetu Moba," Mwavita akasema. Kisu hakikusimama. "Tulikimbia mchana. Niliacha sufuria ya samaki motoni. Tangu pale sisikii kitu. Chumvi, sukari, pilipili, vyote ni kama maji ya moto."

"Na hao samaki?"

"Sikumbuki kama nilikuwa nimetia chumvi."

Alisema hivyo kama mtu anayekutajia saa. Mimi nina neno la kila msiba, nimewahi kumchekesha mjane kaburini mpaka mchungaji akafunga kitabu, lakini hapo niliutazama mkaa.

Akifaulu leo, anaingia jiko la gesti ya madereva wa malori, na gesti inampa chumba cha uani. Tangu nimjue sijamsikia akitaka kitu ila hicho, chumba chenye komeo la ndani. Kwa sasa analala kwangu, na mlango wangu unafungwa kwa kuegemeza kinu. Kila usiku anakisogeza kinu, anarudi kulala, anainuka anakisogeza tena. Asipofaulu, chumba atapewa mwingine.

"Huyu msimamizi, Bwana Ferdinand, ana mtindo wake," Roda akasema. "Anaonja, halafu anakupa wewe kijiko, anakuuliza, mpishi, imepungua nini? Ukibahatisha anakujua. Utamjibu nini?"

"Atamjibu haijapungua kitu," nikasema. "Aseme kwa kiburi. Mwanaume akijibiwa kwa kiburi anadhani ulimi wake ndio mbovu."

"Bibi."

"Au nikae mlangoni kama kawaida. Nzi wa leo nitawafunga kamba."

Mwavita akaweka kisu chini. Akatoa kwenye pindo la kitenge karatasi ya mfuko wa unga iliyokunjwa mara nyingi. Ilikuwa imejaa maandishi ya mkaa. Mimi kusoma sijui, ila Roda alisoma kwa sauti: maharage kilo mbili, kijiko kimoja na nusu, wali wa watu kumi, vijiko viwili, na mengine mpaka pembeni mwa karatasi. Kumbe kila nilipokuna pua, yeye alikuwa anahesabu na kuandika, tangu wiki ya kwanza.

"Kwa hiyo jana ulijua imetosha," Roda akasema.

"Nilijua."

"Na ukaongeza?"

"Koko alikuna pua." Koko ndivyo kwao wanavyomwita bibi. "Yeye ana ulimi. Miye nina karatasi."

Nikamwomba msamaha. Haijawahi kutokea, ulizeni Tunduma nzima.

Roda akamrudishia karatasi yake. "Na leo?"

"Leo nimepima. Akiniuliza, nitamwambia ulimi wangu haufanyi kazi, nimetia vijiko viwili, na viwili vinatosha."

"Atakufelisha," nikasema. "Mdanganye, mwanangu. Uongo mdogo tu, wa kupatia chumba. Mimi nitakutungia."

"Uongo unataka mtu akumbuke, koko. Nimechoka kukumbuka."

Roda akavuta pumzi aseme. Sijui alitaka kunitoa mimi nje au kumkataza yeye, maana mlango ulisukumwa, na Bwana Ferdinand akaingia na mkoba kwapani, vumbi la barabara kuu likiwa bado kwenye nyusi. Sufuria ya Mwavita ndiyo iliyokuwa karibu. Akachota, akaonja, akatazama dari kidogo, kisha akamnyooshea kijiko.

"Mpishi, imepungua nini?"

Mimi nilikuwa nimeshakalia mikono yangu yote miwili.