Udi Ulioingia Kabla ya Kahawa

Msinicheke sana, maana nimeshajicheka mwenyewe mpaka nimechoka, na hata leo nikipita Darsait, mtaa wa Maskati, karibu na ile nyumba yetu huinamisha uso kama mtu anayetafuta kitu chini.

Ilikuwa mwaka 1970, baridi ndiyo kwanza inaingia, na sisi tumefika Maskati karibuni tu kutoka Unguja, mimi nikipitia Kairo nilikosoma kemia (nikarudi na maradhi ya kuuliza kila kitu kwa nini). Mama alikuwa akikohoa. Wote walilaumu vumbi la majabali, mimi nikashuku moshi: madirisha yamefungwa, seredani ya makaa imo ndani, taa za mafuta, na udi asubuhi na jioni.

"Udi haujamdhuru mtu tangu dunia kuumbwa," alisema Mama, akakohoa.

Nikamuuliza kwa nini basi dari ya sebule nyeusi. Akaniambia nikamuulize aliyeipaka.

Basi nikatundika vitambaa vyeupe vibichi, kimoja uani, kimoja sebuleni nyuma ya pazia, nione kipi kitachafuka zaidi. Kilichoniudhi ni kuwa udi wa wageni ulitolewa wanapotaka kuondoka, mlango wazi, moshi wote unakimbilia nje. Sasa hapo nitapima nini?

Siku ya posa ya dada yangu Salma wakaja wazee wa Matrah, mji wa jirani, wakiongozwa na Sheikh Nasor, baba wa kijana ambaye Salma mwenyewe alikuwa akimtaka (na kwa siku kadhaa alikuwa hagusi chakula, kwa hofu wasije wakasema hawa wa Unguja hawajui adabu). Halwa imeliwa, kahawa bado, neno la posa halijatamkwa, na mimi naona chumba kimejaa watu, madirisha yamefungwa, nikasema wakati ndio huu. Nikateleza jikoni, nikajaza udi kwenye chetezo, nikaingia nacho na kukiweka mbele ya Sheikh Nasor.

Sheikh akanitazama, akamtazama Baba, akafukiza ndevu zake taratibu, akasimama. Wote wakasimama.

"Fi amani llah," akasema. "Tumeshaagwa."

Ami Suleiman, aliyezaliwa hukuhuku, akanishika mkono. "We mwenda wazimu! Hapa udi ukishatoka hakuna kukaa tena! Umewafukuza wakwe!"

Kwetu Unguja tulifukiza nguo, tukafukiza hata mitungi ya maji. Nilikuwa nikiona udi unatoka mwisho, lakini nani aliniambia kuwa huku moshi wenyewe ndio kwaheri? Nyuma ya pazia nikamsikia Salma akilia, na hapo kemia yote ikanitoka.

Nikachomoa kitambaa, nikawakimbilia njiani miguu mitupu, majirani wakitazama. "Sheikh, nisamehe! Nilikuwa napima moshi!"

"Unapima nini?"

Nikamweleza yote, kikohozi cha Mama, dari, madirisha, nikihema kama mbuzi aliyefukuzwa. Akakigusa kitambaa, kidole kikatoka cheusi.

"Na hii inaingia kifuani mwa mtu?"

"Bado sina hakika, Sheikh. Ndiyo nnataka kujua."

"Kwa hiyo baba yako hakutufukuza?"

"Ni mimi tu, na mle ndani mimi si mwenye amri hata juu ya paka."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Haya, turudini, kahawa yao hatujainywa. Lakini madirisha yafunguliwe!"

Wakarudi, posa ikatamkwa, ikajibiwa kwa heri. Mama naye akaanza kufungua dirisha kila akiwasha makaa, na kikohozi kikapungua (kwa dirisha au kwa baridi kwisha, siwezi kuapa). Salma alininunia mpaka siku ya harusi, na siku hiyo akamsimamisha Ami Suleiman mlango wa jikoni anilinde nisiingie.

Bado nauliza kila kitu, sijapona. Ila nimeapa: nikiwa ugenini, kabla sijanyanyua chombo chochote, kwanza nitauliza wenyewe hukitoa lini. Yaliyomo ndani ya moshi wake nitayauliza baadaye, wageni wakishafika kwao.