Kofia ya Matundu 2,520

Shangazi yangu Mwamini, mshona kofia wa Biryogo, aliishia darasa la tatu, lakini mtu asikudanganye kwamba hakujua hesabu. Kila kofia yake ilikuwa na matundu 2,520. Mwaka 1992 Mwalimu Kayijuka alikuja kuchukua yake, akauliza kwa nini idadi hiyo.

"Mteja akitaka maua ya matundu saba, manane, tisa au kumi, hakuna tundu linalobaki," alimjibu.

Mwalimu akaenda kupiga hesabu. Kesho yake akarudi kutuambia kwamba 2,520 inagawanyika kwa kila namba kuanzia moja hadi kumi, na hakuna ndogo zaidi yenye sifa hiyo.

Shangazi hakuondoa macho kwenye sindano.

"Ingekuwepo, Mwalimu, vidole vyangu vingeijua kabla yako."