Usimwelekeze Mwanafunzi kwa Baiskeli

Siku moja ya harusi naikumbuka hadi leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka moyo waniungua. Sisi wa upande wa mume tulikuwa twapeleka sanduku la bi harusi, wanawake watupu, mabuibui yetu na asumini kichwani, na mimi kigori mwenye sauti kali ndiye niliyepewa kuanzisha vigelegele. Kaka wa bi harusi, Athumani, alikuwa ametuelekeza: "Ingieni kichochoro cha nyuma ya msikiti. Nyumba yenye baiskeli nyekundu mlangoni, ndiyo yetu." Vichochoro vya Mji wa Kale wavijua, kuta zafanana kama maharagwe. Tukaiona baiskeli nyekundu. Nikapiga kigelegele, tukaingia.

Kumbe ni matangani.

Wanawake wamekaa mikekani na misahafu mikononi, wanautazama mdomo wangu ulio wazi. Mwenye baiskeli, ami yake Athumani, alikuwa ameipanda kwenda kuwapa pole jirani, nyumba chache mbele. Bibi mfiwa akainuka, akatwambia kwa upole, "Wanangu, furaha yenu Mungu aizidishe. Lakini hapa twalia." Angalitutukana ningaliona nafuu.

Shangazi yangu Mwana Shee hakumsaza Athumani. "Wewe! Mgeni huelekezwa kwa kitu chenye magurudumu?"

"Lakini bi mkubwa, nilipowaelekeza ilikuwa pale pale!"

"Ilikuwa pale kwako wewe uliyekuwa hapo! Mlango wa nakshi wa babu yako umesimama pale tangu hujazaliwa, hauendi matangani. Huo hukuuona, ukaona baiskeli!"

Sasa utaniuliza, mwanangu unayesomesha, mambo ya sanduku yakuhusu nini. Yakuhusu, tulia. Mimi skuli sikukaa sana, na hiyo mitandao yenu naitazama kama paka atazamavyo redio. Lakini baiskeli naijua.

Mjukuu wangu Saumu anasomesha uuguzi chuo kimoja huko Ganjoni. Mwezi huu aliwatumia wanafunzi wake masomo kutoka maktaba ya mtandaoni ya chuo, wayasome kabla ya mtihani mdogo. Nilikuwa naye barazani akifanya kazi hiyo. Anafungua kitabu, ananakili yale maandishi marefu ya juu kabisa ya kioo cha simu, anatuma. Anafungua kingine, ananakili, anatuma, huku anakula mahamri yangu. Baada ya mtihani akaja amefura. Darasa zima hakuna aliyesoma! "Wavivu, Nyanya! Wote sifuri. Na huyu Kadzo nimemwambia atarudia somo lote, maana nimemuuliza mbele ya wenzake, ananitolea macho tu."

Nikainamisha kichwa. Si hekima, nilikuwa natafuta miwani.

Jioni hiyo mlango ukabishwa. "Hodi!" Kadzo mwenyewe, msichana wa Kaloleni, mchana anauza vitambaa dukani Bondeni, jioni ndipo anaposoma. Karo yake ni jasho lake, na kurudia somo maana yake ni kuacha chuo. Ameshika simu kama aliyeshika cheti cha kifo.

"Shikamoo Nyanya. Mwalimu, naomba ubonyeze mwenyewe linki uliyotutumia."

Saumu akabonyeza kwenye simu ya Kadzo. Kikatoka kijisanduku: muda umekwisha, rudi mwanzo. Akabonyeza ile ile kwenye simu yake, kitabu kikafunguka, kurasa zote.

"Mbona kwangu chafunguka?"

"Ndivyo ulivyotujibu kwenye kikundi cha darasa tulipokwambia hakifunguki, Mwalimu," Kadzo akasema. "Kwamba kwako chafunguka."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira! "Kwako chafunguka kwa sababu uko ndani ya nyumba, mwanangu! Baiskeli waiona wewe!" Wote wawili wakanitazama kama nimerukwa na akili. Ikabidi niwahadithie matanga yote, na Kadzo, maskini, akacheka na machozi yanamtoka.

Saumu akampigia mtu wa maktaba. Akawekwa kwenye spika. "Mwalimu, umenakili anwani ya juu? Hiyo ni ya kikao chako tu, wewe uliyeingia; kwa mwingine haifunguki, na ukitoka inakufa. Kando ya jina la kitabu pana alama ya mnyororo, imeandikwa linki ya kudumu. Nakili hiyo. Halafu ijaribu kwa simu isiyokuwa yako."

Ndiyo hayo tu! Nyani haoni kundule, na mwalimu haoni linki yake. Darasa zima limeitwa vivu, msichana amekaribia kufukuzwa, na alama ilikuwa hapo kando.

Saumu, namsifu, hakutafuta kisingizio. "Kadzo, nisamehe. Sifuri zile nazifuta, na kesho nitasema mbele ya darasa, kama nilivyokuuliza mbele ya darasa."

Basi sikiliza, mwanangu. Unapomwachia mtu njia ya kufika kwenye kitabu, mpe ile isiyohama. Usimpe ile iliyokufikisha wewe leo. Mtu akikwambia mlango umefungwa, usimjibu kwamba kwako uko wazi. Ondoka ulipo, kasimame alipo yeye, usukume kutoka huko. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na kabla hujamwita mtu mvivu, bonyeza kwanza.

Siku hizi Saumu kila linki hunitumia mimi kwanza. "Nyanya, bonyeza." Nabonyeza. Latokea jina la kitabu, na chini yake naulizwa nambari yangu ya uanafunzi. Sina, siingii. Lakini twajua nyumba ndiyo yenyewe, ni bawabu tu kanikatalia.

Mungu akuwekee mlango usiohama, mwanangu, na wote utakaowaelekeza wafike penye harusi.