Kupunguza Mahindi ya Marehemu

Mumewe alikuwa hana kipimo kwenye mbegu. Shimo linalotaka punje mbili, yeye anatia tano. Aliambiwa weee, hasikii. Msimu huu alipanda vivyo hivyo, mahindi yakachipua, naye akaugua ghafla na kufariki kabla ya palizi ya kwanza. Mvua nayo ikakata.

Likaja jua, tena jua la kukomoa. Mahindi yalipofika magotini, majani yakaanza kujikunja mchana kama sigara. Majirani wakamshauri mjane apunguze, abakize mche mmoja kila shimo, la sivyo yatanyang'anyana unyevu na kufa yote. Akatia pamba masikioni. Ile ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe, aikate vipi? Akawa anabeba maji aliyooshea vyombo na kuyamwagia mashina kwa kikombe, mpaka wakambandika jina la Mama Kikombe. Wacheke tu. Lakini jamani, kikombe na shamba zima wapi na wapi? Upande wa juu ukakauka kabisa.

Ndipo shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipokuja na mzigo wa nyasi kavu na kisu. Hakumkaripia.

"Shemeji, watoto watakula nini?"

Hilo lilimwingia. Akachukua kisu.

Kung'oa haikuwezekana tena, mizizi ilishasukana. Shimo kwa shimo alichagua mche wenye nguvu, akakata wenzake chini kabisa, na shemeji akamfuata nyuma akitandaza nyasi ili jua lisinyonye unyevu uliobaki. Mjane alilia waziwazi, machozi na kamasi. Kila msimu kazi hii ilikuwa yake, maana marehemu hakuwa na moyo wa kukata alichopanda mwenyewe. Kila siku ya kupunguza ilipofika, marehemu alikuwa akijifungia ndani, nyumba nzima ikimcheka, wala hatoki mpaka mkewe amalize na kumwita.

Wakamaliza jua likiwa limepungua makali. Shamba lilibaki na mianya mitupu, lakini shemeji alisema yaliyosalia yatafika. Mama Kikombe akanyoosha mgongo, akafuta kisu kwenye nguo, akageukia nyumba.

"Toka sasa," aliita. "Nimemaliza."

Shemeji akaacha nyasi zikamdondoka. Mama Kikombe alisimama akiutazama mlango, akingoja, mpaka shemeji alipomsogelea na kukichukua kile kisu mkononi mwake.

"Twende tukanawe, shemeji," alimwambia taratibu.